Holsta Isiyouma

Mume wangu Emery ana kiuno kilichoumbwa kwa ndombolo, si kwa bastola. Nyama zake zinaanzia chini ya mbavu na kushuka bila kuomba ruhusa, na mkanda wa suruali unajitafutia mwenyewe mahali pa kukaa. Nilimwambia hivyo mapema, kabla kibali hakijatoka, akacheka. Nami nikacheka.

Tuna duka dogo karibu na Joubert Park, hapa Johannesburg. Mimi nasuka nywele mbele, yeye anauza vitenge na nywele bandia nyuma. Siku moja alipokuwa akipeleka mauzo benki, vijana wawili walimzuia kwenye robot, yaani taa za barabarani, mchana kweupe, watu wakipita na kutazama pembeni. Mmoja alimpiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Emery alirudi dukani bila mfuko, na jino lake lilikuwa mkononi, amelifumbata kama mtoto aliyetumwa dukani na sarafu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na akiwa hajalala, na mimi silali.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshapata makaratasi ya kuishi hapa moja kwa moja, aliweza kuomba silaha kihalali. Akasoma darasa, akafanya mtihani, polisi wakaja kukagua sefu tuliyoifunga kwa bolti ukutani ndani ya kabati. Tukangoja mpaka nikadhani wamemsahau. Hatimaye akapata rivolva ndogo, ya mitumba, yenye mtutu mfupi, inayoenea kiganjani. Darasani walimfundisha kwamba barabarani lazima iwe ndani ya holsta, ala yake ya kuvaa, mwilini mwake, imefunikwa na nguo. Haruhusiwi kumpa mtu amshikie, wala kuiacha kwenye droo ya duka. Nilijitolea kuibeba kwenye mkoba wangu, akanitazama kana kwamba nimetukana serikali.

Watu wachache tuliwaambia. Firmin hatukumwambia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuoza.

Firmin si ndugu yetu wa damu, lakini Johannesburg hii isingetupokea bila yeye. Ni mtu wa Bukavu kama sisi, fundi cherehani mwenye karakana Jeppestown na chumba Doornfontein. Tuliposhuka Park Station, na mimba yangu ya Gaël tumboni, yeye ndiye aliyekuja kutuchukua. Alitupa kitanda chake, akalala jikoni mpaka tulipopata pa kwetu, na kila asubuhi alituambia amelala vizuri. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Emery alimwita yaya, kaka mkubwa, na yeye alimwita Emery mudogo, yaani mdogo wake, hata mbele ya wateja.

Sasa huyu Firmin, kaka yake wa tumbo moja alipigwa risasi na watu wenye silaha nyumbani kwao, mama yao akiona. Kuanzia hapo yule mama hakutaka hata wajukuu washike kijiti na kufanya ta-ta-ta. Firmin alirithi moyo huo. Emery alipopigwa kwenye robot na kuanza kuzungumza habari za kujilinda, Firmin alimjibu neno moja tu: "Mudogo, si tulikimbia hivyo vitu?" Emery akaenda kuomba kibali bila kumwambia, akisema atamweleza baadaye, taratibu.

Holsta ya kwanza alipewa na yule aliyemuuzia rivolva, kama nyongeza, na nyongeza ya bure unajua ilivyo. Ilikuwa ya nailoni, laini, eti inafaa kila bastola, ina kibanio kimoja cha chuma cha kubania mkanda. Inavaliwa kwa ndani, kati ya suruali na fulana, ili shati lifunike. Emery aliiweka juu kabisa ya mfupa wa nyonga. Lile tumbo la chuma la rivolva, silinda, likawa linausaga mfupa, na mpini unamchoma mbavuni kila akikaa. Akiinama, kibanio kinachomoka na kitu kizima kinapanda juu. Nilimwona akitoa vitenge vya rafu ya chini kwa kunyoosha mguu mmoja pembeni, kama mbuni. Nilimtania sana. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia, na hiki kinakula mchana na kinaonekana.

Kisha mama yake Firmin akafa, huko Bukavu.

Simu ilitukuta dukani. Kwetu, mtu wa karibu akisikia msiba hapiti nyumbani kubadili nguo, anakimbia alivyo, maana ukichelewa watu wanauliza ulikuwa unafanya nini. Emery alikimbia alivyo, na rivolva kiunoni. Mimi nilimaliza kichwa cha mteja nikamfuata. Nilipofika Doornfontein, chumba cha Firmin kilikuwa kimejaa, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa, na Firmin ameketi kwenye mkeka miguu mitupu, macho mekundu. Emery, aliyekawia nje akilivuta shati lake lifunike, alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni mbele yangu.

Kwetu mtu wa karibu hampi mfiwa mkono. Anamkumbatia, wanalia pamoja, kisha anaketi naye chini, ubavu kwa ubavu, mpaka machozi ya kwanza yaishe. Firmin alipomwona Emery aliinuka, akaja na mikono wazi, akisema, "Mudogo, mama ameenda. Mama ameenda." Na mume wangu, mwanamume mzima anayelia hata kwenye arusi, akanyoosha mikono yake yote miwili akamshika Firmin mabega, akamzuia. Akamweka mbali kama mtu anayepima pazia.

Mikono ya Firmin ikabaki hewani.

Nilijua mara moja. Aliogopa mkono wa Firmin usije ukazunguka kiunoni. "Pole sana, yaya," Emery akasema, sauti kavu. Firmin akashusha mikono. Akarudi mkekani, akasogea, akamwachia nafasi pembeni yake. Emery akaitazama ile nafasi. Angekaa chini, kile kibanio kingechomoka, na rivolva ingetokeza shatini mbele ya wazee wa kanisa na wanawake wanaoomboleza mama aliyechukia bunduki kuliko shetani. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa juu yake, wima, peke yake, huku watu wote wamekaa chini. Mama Célestine wa kwaya aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza, "Shemeji, bwana yako amekuwa boss?" Nilitamani sakafu inimeze.

Emery alikaa muda mfupi, akaaga kwamba duka liko wazi. Duka nililifunga mimi mwenyewe.

Baada ya hapo Firmin hakugombana naye. Angegombana ningefurahi. Kanisani alimsalimu vizuri, "Papa Gaël, habari ya leo," kwa heshima zote, na lile neno mudogo halikusikika tena. Hakupiga simu. Suruali za Emery zilizokuwa kwake za kushonwa alizituma kwa mkono wa mtu mwingine, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri. Emery alizipokea, akakaa nazo mapajani muda mrefu.

"Nenda ukamwambie," nilimwambia.

"Nikamwambie nini, Mama Gaël? Kwamba nilikuja na bunduki kwa matanga ya mama yake?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Hapana. Kosa ni ya hii takataka ya nailoni. Ningekuwa na holsta muzuri, ningemukumbatia, ningekaa chini, hakuna mutu angejua kitu. Wacha kwanza nipate ya muzuri. Siku ya kuanua matanga, mwaka ikitimia, nitakaa naye chini siku muzima, na maneno itakuya yenyewe."

Sijui kama mwanamke angeweza kufikiri hivyo. Rafiki umemuumiza wewe, dawa unaitafuta kwenye duka la silaha! Lakini nilimwona jinsi anavyoteseka, nikamwacha, na kusema kweli nilianza kuamini kidogo kwamba huenda ikasaidia.

Basi ukaanza mwaka wa holsta. Alianza na ya plastiki ngumu, iliyofinyangwa kwa umbo la ile rivolva. Ilishika vizuri, ikafunika pote pa kufyatulia, nayo ilimkata nyama ya kiuno kama kifuniko cha kopo la maziwa. Akanunua mkanda mpana wa mpira wa kuvaa tumboni chini ya shati, wenye kimfuko cha kitambaa. Wakati wa baridi aliusifu mpaka akanichosha. Joto lilipokuja akawashwa, akawa anajikuna dukani mbele ya wateja mpaka mmoja akaniuliza kama ana ukoma. Akajaribu kuiweka mbele, chini ya kitovu. Akikaa, mtutu ulitazama mahali ambapo nilimkumbusha kwamba bado nina mpango wa mtoto wa pili. Siku hiyo hiyo akairudisha ubavuni.

Aliyemsaidia ni Ngugi, Mkenya anayefanya kazi benki, ambaye walikutana mahali pa kujifunza kulenga shabaha. Ngugi alikuja dukani kumnunulia mkewe kitenge, akamwona Emery anavyokaa upande upande kwenye stuli.

"Kwanza hiyo ya mpira tupa," Ngugi alisema. "Ukichomoa bastola inajikunja, na ikijikunja inaweza kuingia hapo kwa kufyatulia wakati unarudisha. Hiyo si holsta, hiyo ni soksi. Pili, mbona unaiweka juu ya mfupa, bro? Isukume nyuma ya mfupa kidogo, iinamishe mbele kidogo. Tatu, huo mshipi wako ni wa kwenda arusi. Nunua mshipi mgumu, na suruali uongeze saizi moja."

"Saizi moja ni ya bastola," nikasema mimi. "Tumbo nalo liongezewe ngapi?"

Ngugi alicheka mpaka akakaa. Emery hakucheka. Alikuwa akiandika saizi kwenye kiganja.

Jumamosi moja akanichukua twende kwenye duka la silaha upande wa mashariki wa jiji. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiafrikaner, mpole, amevaa soksi ndefu. Rivolva ikatolewa risasi, ikakaguliwa, akaanza kumletea holsta za ngozi. Wateja wengine pale walisimama mbele ya kioo wakajaribu kuchomoa haraka. Mume wangu kila alipovaa moja alikaa chini. Alikunja miguu kwenye sakafu ya lile duka, akaegemea kushoto, akaegemea kulia, akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Mzee akaniuliza kwa Kiingereza kama bwana anaumwa. Nikamwambia hapana, kwetu tunakaa hivyo. Hapo nikaona anachokifanya. Alikuwa anakaa na Firmin.

Akaipata. Ilikuwa ya ngozi nene, pana, yenye vitanzi viwili vilivyoachana ili uzito utawanyike kwenye mkanda, na nyuma yake kipande cha ngozi kilichopanda juu kuuzuia mpini usiguse mbavu. Mdomo wake haukujikunja hata rivolva ikiwa haimo. Mzee alimwonya kwamba ngozi mpya ni kaidi, aivae nyumbani kwanza. Emery akaivaa jioni zote akitazama mpira, rivolva ikiwa haina risasi, mpaka ngozi ikashika umbo la kiuno chake. Taratibu akaacha kujishika ubavu. Akaanza kuinama kama mtu. Akatoa vitenge vya rafu ya chini akipiga mluzi.

"Nikumbatie," aliniambia siku moja, amesimama katikati ya chumba. "Kama vile Firmin alitaka kunikumbatia."

Nikamkumbatia. Nilikuwa sijamkumbatia vizuri kwa muda, nikashangaa kwamba ana harufu ile ile.

"Siisikii hata kidogo," akasema, amefurahi.

"Mimi naisikia. Iko hapa, chini ya kiwiko changu."

"Ni juu ya vile unajua penye iko."

"Emery, siku ile iache kwenye sefu."

"Sawa," akasema. "Tutaona."

Kuanua matanga kulifanyika Jumapili, baada ya ibada, kwenye ukumbi waliokodi Doornfontein. Asubuhi nilimsikia akifungua sefu, nikajua kwa mlio wake kwamba hafungui ili aweke. Nilimfuata chumbani.

"Uliniambia utaiacha."

"Barabara iko mbaya, Mama Gaël. Na mimi hata nasahau kama niko nayo." Alijipiga kiunoni, akakaa chini kwenye zulia na kuinuka, wepesi kama kijana. "Umeona?"

Gari la jirani lilikuwa linatungoja chini, Gaël ameshaingia, nikanyamaza. Ilinipasa kupiga kelele nyumba nzima isikie. Najuta, na sitaacha kujuta.

Ukumbini Firmin alikuwa amevua nguo nyeusi. Alivaa shati jeupe alilolishona mwenyewe, na uso wake ulikuwa mwepesi, uso wa zamani. Alipotuona mlangoni aliacha watu aliokuwa akizungumza nao, akapita katikati ya meza, akaja moja kwa moja kwa Emery. Akafungua mikono.

"Mudogo yangu," akasema.

Nilisikia Emery akivuta pumzi. Safari hii hakunyoosha mikono kumzuia. Alimwangukia. Wakakumbatiana, yule mwembamba na huyu mnene, wakayumba kidogo, na mimi nikaanza kulia kwa furaha kama mjinga, nikisema moyoni, asante Yesu, asante Yesu.

Kisha nikauona mkono wa kulia wa Firmin. Ulikuwa umeshuka mgongoni, ukafika kiunoni, ukasimama. Akaugusa tena ule ugumu chini ya shati, polepole, kama anavyotafuta mshono kwa vidole. Akajitoa. Hakumsukuma, alijitoa tu.

"Ni nini hii?"

Emery akabaki ametumbua macho. Kweli alikuwa amesahau.

"Yaya, niko na kibali. Ni juu ya wale wezi—"

"Siku ya mama," Firmin akasema kwa sauti ndogo, "ulikuwa nayo?"

Mume wangu ana makosa yake, lakini uongo wa uso kwa uso haujui. "Nilikuwa nayo. Njo sababu sikukukumbatia, yaya. Ile holsta ilikuwa mbaya, ilikuwa inaniuma, ningekaa chini ingetoka. Hii ya leo ni muzuri. Hii haiumi."

Aliposema hivyo nilifumba macho. Alikuwa anatoa sadaka yake yote, mwaka mzima wa kujaribu, na alikuwa anaitoa mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuipokea.

"Miye mwaka muzima nilikuwa nafikiri ni miye nilikukosea," Firmin akasema. "Nilikuwa najiuliza, nilimufanya nini mudogo yangu? Leo nilitaka kukuomba musamaha mbele ya watu." Akafuta mkono wake kwenye shati lile jeupe, nadhani bila kujua. "Mukaribie, chakula iko tayari." Akageuka kuwapokea wageni wengine.

Tulikula. Watu walikaa kwenye mikeka, na Emery akakaa nao, miguu imekunjwa, bila tabu yoyote, mpaka wali ukapoa mbele yake. Wakati wa kuondoka, Firmin alitusindikiza mpaka mlangoni, kwa kuwa ana adabu. Emery alitangulia kuelekea gari. Firmin akanishika mkono.

"Shemeji, weye na mutoto, mukuye siku yote. Hii ni kwenu." Akamtazama Emery aliyekuwa akivuka barabara. "Yeye naye akuye. Simukatazi. Lakini akuye peke yake, bila ile kitu."

Nilimfikishia Emery neno hilo ndani ya gari, kama lilivyo. Alitikisa kichwa mara nyingi. "Nitaenda," akasema. "Wiki hii hii."

Kutoka kwetu hadi kwa Firmin si mbali, maji ya chai yakibandikwa jikoni hayajachemka umefika. Wiki ile Emery alivaa shati safi, akaifungia rivolva kwenye sefu, akashuka ngazi. Nilimwona kutoka dirishani akifika kwenye geti, akajishika ubavu, akakuta ni nyama tupu. Akasimama hapo. Watu walimpita, wanawake wenye mikoba, wazee, watoto wa shule, wote bila silaha. Akarudi juu. Alisema ameona vijana kwenye kona ambao hakuwapenda. Wiki iliyofuata ilikuwa mvua. Iliyofuata ilikuwa siku ya mshahara, na siku za mshahara wezi wanakuwa wengi, hilo hata mimi siwezi kulibisha. Nilimwambia nitakwenda naye, nitamshika mkono kama mtoto. Akakasirika, kisha akalia.

Sasa Jumapili baada ya kanisa tunakwenda mimi na Gaël. Firmin anamimina chai, ananiuliza habari za duka, na kila hatua ikisikika kwenye korido anatazama mlango.

"Mudogo iko wapi?" ananiuliza.

"Iko njiani," namjibu.

Naye anaweka kikombe cha nne.